Sombe ya Nella Mbele ya Mashangazi

Mama Béatrice, mshauri wetu wa gazetini,

Nakusalimu nikiwa nimekaa mlangoni kwangu hapa kambini Dzaleka, na sitazunguka, maana siku zimenibana, Jumamosi inayokuja nyumba yangu itapimwa na wanawake ambao siwezi kuwafungia mlango, na mpaka sasa sijui kama nimwandae binti yangu au nimfiche.

Binti yangu anaitwa Nella. Ameposwa na kijana anayeitwa Cadeau, fundi wa simu pale sokoni, wazazi wake ni watu wa Uvira, sisi ni watu wa Fizi, tunasali kanisa moja, na posa ilikwenda vizuri kabisa mpaka pale kaka yangu Lucien aliposimama kumsifu mtoto, kwa sababu yeye ndiye msemaji wa familia. Wewe unajua wasemaji wetu wanavyosifu. Kila msichana anayeposwa hapa kambini hajawahi kumjibu mtu vibaya, hajawahi kuunguza chakula, na akitembea mchanga haulii. Lucien akatoa maneno yale yale aliyoyasikia kwa wazee wetu, akasema, "Huyu mutoto mukimupeleka kwenu, jogoo ya jirani itaacha kuwika. Kinu yake njo itakuwa inaamsha bantu." Watu wakapiga makofi, nami nikapiga makofi, halafu nikakumbuka mkono wa Nella na mikono yangu ikasimama hewani.

Nella alianguka kwenye kabaza. Baiskeli ilikuwa imembeba yeye na gunia la muhogo, ikaingia shimoni, akaangukia bega la kulia, bega likavunjika na likaunga vibaya. Mkono huo unafanya kila kazi ya chini ya kifua, anafua, anasuka nywele za watu, anashona vifungo vya baba yake, lakini haupandi kupita bega. Kanisani kwaya ikiinua mikono yeye huinua wa kushoto tu, na watu wanadhani ni madoido. Na kutwanga, Mama Béatrice, ni kupandisha mkono.

Sasa upande wa Cadeau kuna shangazi yake, Mama Marguerite, dada mkubwa wa baba yake, kiongozi wa akina mama wa kanisani, mtu ambaye akikohoa kwaya nzima inanyamaza. Aliposikia habari za kinu akatabasamu, akasema, "Vizuri basi. Na siye kwetu iko desturi ya kusikia kinu mbele ya kufunga dote. Tutakuja siku ya posho." Siku ya posho, tunapogawiwa chakula, ndiyo Jumamosi yenyewe. Desturi yao ni hii, kabla ya kufunga mahari mashangazi wanakuja nyumbani kwa msichana, anatwanga sombe, yaani majani ya muhogo, mbele ya macho yao, anapika, wanakula, kisha shangazi mkubwa anasema neno moja kati ya mawili, "tunachukua" au "tunaenda kufikiri". Na hapa kambini bado sijaona watu walioenda kufikiri wakarudi.

Utaniuliza sisi tunakulaje sombe kama binti hawezi kutwanga na mimi mgongo wangu umechoka. Hapo ndipo penye aibu yangu. Tulipokuwa tunaishi Biwi, kule Lilongwe, kabla hatujarudishwa wote kambini, mume wangu Eliezer alikuwa na wateja wa kushonewa, umeme ulikuwepo siku nyingi, na mimi nikaingiwa na ugonjwa wa kununua vyombo vya jikoni. Nilinunua blenda. Nilinunua sufuria ya umeme ya kupikia wali. Nilinunua hata kile kifaa chenye nyuzi cha kukata yai la kuchemsha vipande vyembamba, sisi ambao yai moja tunagawana watu wawili kwa meno. Blenda niliitia sombe siku moja, ikanitolea uji wa kijani, Eliezer akautazama akasema, "Mama Nella, mimi nililala mtu, sijui kama nimeamuka mbuzi." Vyote hivyo leo viko kwenye kabati la vioo sebuleni, nimevifunika vitambaa nilivyofuma mwenyewe.

Ni kimoja tu kilichopata kazi, ile mashine ya chuma ya kusagia nyama, ya kuzungusha kwa mkono, unaibana ukingoni mwa meza, unatia kwa juu, unazungusha, inatoka kwa mbele. Muuzaji wa Lilongwe aliniambia ni ya nyama. Nyama tunaiona Krismasi. Nella ndiye aliyejaribu kutia majani ya muhogo, yakatoka laini, na kwa kuwa mkono wa kuzungushia uko usawa wa tumbo, bega lake halimuumi hata kidogo. Tangu hapo yeye ndiye anayesaga sombe ya nyumba hii, na kinu changu kimelala nyuma ya nyumba, kuku wanatagia humo. Majirani wameona. Wanasema nyumba ya Mama Nella ni bubu. Mmoja aliniuliza pale bombani, "Kwako sikusikiake kinu, munakulaka nini, munakula redio?" nami nikacheka kama mjinga.

Lucien, baada ya kutuingiza shimoni, sasa amekuja na kamba yake. Anasema tumchukue Mamy, jirani yetu, mwanamke mwenye mikono kama ya mkulima, atwange nyuma ya nyumba, mashangazi waketi sebuleni wasikie kinu kinavyolia, kisha Nella aingie na bakuli la sombe, tukiwa tumemnyunyizia maji usoni yaonekane kama jasho. Anasema wakitaka kwenda nyuma kuangalia, yeye atasimama kuomba, na sala yake itakuwa ndefu. Eliezer hataki. Anasema tutume ujumbe kwamba mtoto ana malaria, tuahirishe, Mungu atatupa njia. Cadeau anajua habari za bega tangu mwanzo, amesema, "Mi sioe kinu, ninaoa Nella," lakini maneno hayo aliyasema kwangu, kwa shangazi yake hajayasema, na simlaumu, hata mchungaji kwa yule mama huongea polepole.

Basi niambie, nifanye kama Lucien alivyosema, au nimlaze mtoto kitandani na kumfunika blanketi kwenye joto hili? Maana nikisema ukweli naona wazi watakwenda kufikiri, na Nella atabaki nyumbani na jina la mwanamke asiyeweza kutwanga, na jina kama hilo hapa halifutiki.

Mimi Vénérande, Mama Nella
Dzaleka

JIBU

Mama Nella,

Jumamosi haingoji gazeti, kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwa simu mara tu nilipomaliza kusoma barua yako, na hapa linachapwa kama lilivyotoka. Nitakugombeza kwanza. Msaada utafuata, na utakuwa mtamu zaidi ukiwa umeshachukia kidogo.

Nimesoma barua yako yote kisha nikairudia nikitafuta kitu kimoja. Lucien amesema. Eliezer amesema. Cadeau amesema. Jirani wa bombani amesema, hata muuzaji wa Lilongwe amepewa nafasi ya kusema. Nella hajasema hata neno moja. Bega ni lake, ndoa ni yake, sombe anasaga yeye, na wewe mama yake umeandika mistari hii yote bila kumuuliza binti mtu mzima anataka nini Jumamosi. Weka simu chini sasa hivi, nenda kamuulize, kisha urudi uendelee kusoma.

Umerudi? Haya, tuanze na kaka yako. Mwambie Lucien kwamba mpango wake una kasoro moja tu, nayo ni kwamba unaweza kufanikiwa. Tuseme mashangazi wamesikia kinu, wamekula, wamesema tunachukua. Baada ya harusi Nella ataamkia kwa wakwe, na asubuhi Mama Marguerite ataweka kinu mbele yake na kusema, "Mama, tuamushe jirani sasa." Mtamkodi Mamy akaishi huko? Lucien atasimama kuomba kila siku ya maisha ya ndoa ile? Msichana anayeingia kwa uongo ataubeba uongo huo mgongoni mpaka azeeke, na siku utakapoanguka, wakwe hawatasema mjomba alidanganya. Watasema Nella alitudanganya.

Malaria ya Eliezer nayo ni uongo ule ule, umejifunika blanketi tu. Malaria hupona. Bega halitapona. Mtaahirisha mpaka lini?

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana hapa damu inanichemka. Mama Marguerite atakaposema anataka kusikia kinu, mtazame kwa heshima na ujiulize bugali atakayokula Jumamosi hiyo hiyo unga wake umetwangwa wapi. Umesagwa kwenye chigayo, Mama Nella, pale palipo na mashine inayonguruma na foleni ya ndoo. Unga wa muhogo, unga wa mahindi, wote unapita kwenye chuma. Bibi zetu walitwanga unga kwa mikono na walijua maana ya mgongo kuuma, na siku chigayo ilipofika hakuna shangazi aliyelala barabarani kuizuia. Wote walibeba ndoo. Leo hakuna msichana anayekataliwa kwa sababu unga wake umesagwa. Kwa nini basi jani la muhogo ndilo libaki limeshikilia heshima yote ya wanawake wa Uvira na Fizi?

Na umeolewa na fundi wa nguo. Niambie, wakati Eliezer anakuposa, kuna baba yako yeyote aliyemwambia akae mbele ya wakwe ashone suruali nzima kwa sindano ya mkono ili waone kama ni mwanaume? Waliuliza kama ana cherehani. Kuwa na cherehani kulimfanya fundi, kulimfanya mume anayefaa. Chombo kikiwa mikononi mwa mwanaume tunakiita kazi. Kikiwa mikononi mwa mwanamke tunakiita uvivu. Nimelisoma jambo hili katika vitabu vya nchi nyingi, na kila mahali limevaa nguo tofauti, uso ni ule ule: kuna watu wanaopima upendo wa mke kwa jasho lake, na jasho likipungua wanahisi wameibiwa.

Usifikiri nakutetea kwa kila kitu. Huko kwenye kabati lako la vioo hunipati. Naingia katika nyumba za watu hapa kambini, naingia Area 36 na Chinsapo kule Lilongwe, na kila sebule naona kitu kile kile: blenda imevaa kitambaa kama bibi harusi, sufuria ya umeme imejaa vifungo na kadi za kliniki, mashine ya kukamua machungwa bado imo ndani ya boksi lake kwa sababu boksi lina picha nzuri. Wanawake wenzangu, tunanunua tumaini, na duka linatufungia chuma. Tunanunua jiko la maisha ambayo hatuishi, kisha tunalipangusa vumbi miaka yote. Kipimo changu ni kimoja. Chombo kinachooshwa kila siku ni chombo. Kisichooshwa ni pambo, kiuze au mpe anayekihitaji. Kifaa chako cha yai, Mama Nella, ni cha kutubia.

Lakini mashine ile ya kuzungusha inaoshwa kila siku, na anayeiosha ni Nella. Aliyeuza alisema ni ya nyama, na binti yako hakumsikiliza. Alitazama mkono wake, akatazama chuma, akatazama majani, akaunganisha vitatu hivyo bila kuambiwa na mtu. Wewe unaona aibu kwa sababu nyumba ni bubu. Mimi naona msichana mwenye akili kuliko msemaji wake.

Sikiliza utakavyofanya. Kinu waachie kuku. Jumamosi toa meza nje, mbele ya nyumba, mahali pa wazi ambapo jirani wa bombani naye ataona, na mashine ibanwe mezani kabla wageni hawajaketi, wasije wakadhani mmeitoa kwa kubanwa. Kabla jani halijaoshwa, Nella mwenyewe aseme habari za bega lake. Usimsemee. Lucien akae kiti cha mwisho, na akitaka kusimama, mshike koti. Maneno yake ya posa yasahihishwe mbele ya watu, na ni vizuri ayasahihishe yeye.

Sombe yenyewe isiwe ya kubahatisha. Chuma majani machanga, toa vikonyo, osha, kisha mwagia maji ya moto na kuyakamua, maana jani gumu huisonga mashine. Yapitishe mara mbili, na mara ya pili tia vitunguu na pilipili hoho pamoja. Chemsha bila kifuniko mpaka harufu mbichi iishe yote, usiwe na haraka hata wageni wakipiga miayo, maana sombe isiyoiva inadhuru, iwe ya kinu au ya chuma. Mawese na karanga baadaye. Mashine ifunguliwe, ioshwe kwa maji ya moto, ikaushwe na kupakwa mafuta ya kupikia asubuhi hiyo hiyo, kabla wageni hawajafika.

Na wakisema wanaenda kufikiri, wasindikize mpaka barabarani, washukuru, na rudi ukale sombe na mtoto wako. Watakuwa wamekataa mtu wa kweli, na hasara itakuwa kwao. Lakini sidhani. Mwanamke ambaye kwaya inanyamaza akikohoa huwa hajakutana na watu wengi wanaomwambia ukweli, na huwa ana kiu nao.

Béatrice

BARUA YA PILI YA MAMA NELLA

Mama Béatrice,

Naandika huku vyombo havijaoshwa bado na sitaki kuviosha, wacha vikae vionekane, maana sebule yangu haijawahi kuwa chafu kwa sababu nzuri namna hii.

Nilimuuliza Nella kama ulivyoniamuru. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa, akasema, "Mama, nilikuwa nangojea tu mumalize kuongea. Mashine tutaiweka fasi gani?" Kumbe alikuwa ameshaamua, sisi ndio tulikuwa tunahangaika peke yetu.

Mashangazi walikuja wanne, Mama Marguerite mbele, vitenge vimepigwa pasi, na Cadeau nyuma yao amebeba mfuko wa sukari kama mtu anayepelekwa mahakamani. Meza ilikuwa nje kama ulivyosema, mashine imebanwa, inang'aa. Wakaketi. Mama Marguerite akaitazama, akauliza, "Iyi njo nini?"

Mimi nilikuwa nimekariri maneno yako yote ya chigayo, na yalinitoka kichwani yote. Nella akasimama mbele ya yule mama, akasema, "Ni mashine ya kusaga, shangazi. Mukono yangu ya kuume haipandake, nilianguka ku kabaza. Kutwanga siwezi na sitaweza. Sombe minajua kuipika, na njo nitaisaga apa mbele yenu. Mukipenda mutakula."

Kuku akalia kinuni, Mama Béatrice, sote tukamsikia.

"Na mujomba wako alisema tutasikia kinu," Mama Marguerite akasema.

Watu wote wakamgeukia Lucien. Nilikuwa nimeshika koti lake kama ulivyoagiza, lakini niliona uso wake, nikaliachia. Akasimama, akasema, "Mama Marguerite, mi nilisifu kinu kwa sababu njo maneno tunayosifiaka. Huyu mutoto sikumuangalia wakati nilikuwa namusifu. Munisamehe." Akaketi. Katika miaka yote sijawahi kumsikia kaka yangu akimaliza kusema upesi vile.

Mama Marguerite akaigeukia mashine. Akamwambia Nella, "Ifungue nione mu tumbo." Nella akaifungua mashine ile, kipande kwa kipande, akampa mkononi. Yule mama akatia kidole katika kila tundu, akakinusa, akapitisha kisu cha ndani kwenye kitambaa chake cheupe cha mkononi, kitambaa kikatoka cheupe kama kilivyoingia, na alama ya mafuta tu. Akawaambia wenzake, "Kinu yangu mimi haikuwaka safi hivi." Mmoja wao, mama mnene mwenye kicheko, akasema, "Kinu yako? Ile tulikutaka mende inalala mu kinu yako wakati wa kuvumbika muhogo?" Akaambiwa anyamaze, akanyamaza, lakini mabega yake yaliendelea kucheka.

Nella akaifunga tena, akasaga. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unatia majani, na alikuwa anaongea nao huku anafanya kazi, jambo ambalo mtu anayetwanga hawezi, pumzi haimtoshi. Aliwauliza habari za Uvira, akawauliza Cadeau alikuwa mtoto wa namna gani, na mashangazi wakaanza kusema mambo ambayo Cadeau hakutaka yasemwe. Jirani wa bombani alikuwa amesimama na ndoo yake, ndoo imejaa, haendi.

Kisha Mama Marguerite akainuka, akasema, "Sogea kidogo." Akakamata mkono wa mashine, akazungusha kinyume, majani yakapanda juu yakamrudia kwenye kifua cha kitenge chake. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka yeye, na alicheka mpaka akashika meza. Nella akamshika mkono akamwonyesha upande unaofaa, na yule mama, mwenye kwaya yake na cheo chake, akasaga bakuli zima akikataa kumwachia mtu.

Walikula. Sombe ilikuwa imeiva vizuri, na Mama Marguerite alijipakulia mara ya pili bila kuombwa. Alipomaliza akanawa, akajifuta, na sote tukajua sasa ndipo. Eliezer alikuwa ameinamisha kichwa. Cadeau akasimama, akasema, "Shangazi, mbele useme, mi ninataka kusema. Mi nilijua habari ya mukono tangia mwanzo."

"Kaa chini," yule mama akamwambia. "Ungenijua, ungeniambia." Kisha akamwita Nella aje mbele yake, akamshika mikono, akamtazama usoni, na akasema kwa sauti ya kanisani, ile ya kufika mpaka mlango wa nyuma, "Huyu iko na mukono moja inapanda, na moja inazungusha. Siye tunachukua yote mbili."

Vigelegele vilianzia kwa jirani wa bombani, ndoo ikamwagika yote.

Mahari tumefunga hapo hapo, harusi ni baada ya mavuno. Lakini nina swali moja dogo, na ndilo lililobaki. Eliezer ndiye anayeshona gauni. Anataka kuweka kipande cha kitambaa kizuri cha kuning'inia upande wa kulia, kufunika bega, maana limekaa chini kidogo kuliko lile jingine na kwenye picha litaonekana. Anasema ni kwa uzuri tu. Nella anasema hataki, nami nimekaa katikati yao. Tufanyeje?

Vénérande

NENO LANGU

Mama Nella,

Safari hii umemuuliza mtoto kwanza, umeandika na alichosema. Hapo nimefurahi kuliko mahari yote.

Lucien mwambie nimemvulia kitambaa cha kichwa. Kuna wanaume wenye shahada ambao hawajawahi kusimama mbele ya watu wakasema sikumtazama niliyekuwa namsifu. Na nyinyi mashangazi mnaosoma hapa, ambao Jumamosi nyingine mna safari ya kwenda kusikia kinu cha mtoto wa watu: nendeni, kaeni, kuleni, ulizeni maswali magumu, hiyo ni haki yenu na ni kazi yenu. Ila ulizeni mikono ya mtoto inafanya nini, msiulize kelele yake inafika wapi.

Eliezer ni fundi mzuri na ni baba, na ninaelewa mkono wake unavyotaka kufunika mahali mwanawe alipoumia. Amwite Nella, ampime upya akiwa amesimama wima, bega la kulia kwa kipimo chake na la kushoto kwa kipimo chake, kisha akate gauni kwa mwili ule ule aliokuwa nao mbele ya mashangazi. Hicho kipande cha kuning'inia akitoe. Bega hilo limeposwa mchana, mbele ya watu, na lisifichwe siku ya harusi yake.

Béatrice